Huyu mshairi wa Spitzweg anaua kiroboto au anahesabu mizani?

#1 MsomajiWaUsiku
Wakuu, salaam.

Kuna picha ya Mjerumani mmoja, Carl Spitzweg, inaitwa Mshairi Maskini, ya mwaka 1839. Wengi mmeshaiona mtandaoni hata kama jina hamkulishika. Mzee kajilaza kwenye godoro lililowekwa sakafuni, chumba cha darini, kofia ya kulalia kichwani, kalamu ya unyoya kaibana kwa meno, karatasi zipo magotini. Juu yake kuna mwavuli umefunguliwa na kutundikwa kwa sababu paa linavuja. Dirishani yanaonekana mapaa ya jirani yenye theluji.

Sasa tazameni ule mkono aliouinua. Kidole gumba na cha shahada vimegusana. Mimi nasema kamkamata kiroboto na anamponda. Shemeji yangu anasema anahesabu mizani ya shairi. Tumebishana mpaka chai ikapoa.

Nani yuko sahihi? Na mchoraji alikuwa anamcheka huyu mzee au anamhurumia?

#2 Kichwa_Ngumu
Kiroboto. Mods fungeni uzi.

#3 MtunziWaKisauni
Asiyetunga hawezi kuujua huo mkono. Mshororo ukikujia, vidole vinaanza kazi kabla hujaviambia. Mimi gumba langu hupita kwenye ncha za vidole, nane za ukwapi (kipande cha kwanza cha mshororo), nane za utao (kipande cha pili), hata nikiwa ndani ya matatu. Abiria wa pembeni hudhani navuta uradi.

Halafu tazama ukutani juu ya godoro. Kuna alama kaziandika: hivyo ni vipimo vya ubeti. Na moja ya yale madude makubwa ya vitabu pale kando ni Gradus ad Parnassum, kitabu walichotumia watu waliokuwa wakitunga kwa Kilatini ili kujua silabi ipi ndefu na ipi fupi. Mtu ana vipimo ukutani, ana kitabu cha vipimo ubavuni, ana kalamu mdomoni, wewe unaniambia yuko kwenye msako wa viroboto?

#4 Dogo_wa_Uyole
Vipimo gani hivyo mkuu? Wajerumani nao wana mizani?

#5 MtunziWaKisauni
Wanavyo, ila si kama yetu. Sisi tunahesabu silabi na zote zina uzito mmoja. Ile ya ukutani ni heksamita, ya Wagiriki na Warumi: kila mstari una miguu sita, na mguu unajengwa kwa silabi ndefu na fupi kwa mpangilio maalumu. Hapo ndipo dhihaka ya mchoraji inapoingia kama ipo. Mzee hana kuni, anatunga kwa bahari, yaani mtindo wa utungo, ya wafalme.

Na mwaka huohuo wa 1839 malenga wetu Muyaka bin Haji alikuwa anamalizia umri wake Mombasa. Huyo hakuhitaji mwavuli kitandani.

#6 Kichwa_Ngumu
#3 umeandika mengi lakini hujajibu. Mtu anayehesabu hutembeza vidole. Huyu kavibana. Na macho kayakaza kwenye ncha ya vidole. Ukihesabu mizani unaangalia vidole vyako kama mtoto wa chekechea?

#7 Bibi_wa_Chumbageni
Ndiyo, naangalia. Una swali lingine?

#8 Kichwa_Ngumu
Shikamoo bibi. Sina.

#9 SautiYaNyikani
Nyote mnazunguka mbuyu. Spitzweg alijichora mwenyewe. Alikuwa fukara, hakuwahi kuuza kitu maishani, akafa na njaa zake. Wasanii wa kweli ndivyo wanavyoishia.

#10 MfamasiaMstaafu
Hapana ndugu #9, hapo umemchanganya na mwingine. Huyu namfuatilia siku nyingi kwa sababu alikuwa mwenzetu wa dawa, ngoja niweke sawa.

Alizaliwa 5 Februari 1808 Unterpfaffenhofen, karibu na Munich. Baba yake, Simon, alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo, na akawapangia vijana wake kazi mapema. Carl akaangukia ufamasia. Alianza kujifunza kwenye duka la dawa la kifalme mjini Munich mwaka 1825, kwa mfamasia Pettenkofer, baadaye akafanya kazi Straubing, kisha akasoma Chuo Kikuu cha Munich na kumaliza 1832 akiwa na alama nzuri. Kwa hiyo si mtu aliyefeli shule akakimbilia rangi.

Mwaka uliofuata aliugua, akapelekwa kwenye maji ya tiba, na huko akaamua: dawa basi. Baba alikuwa ameshafariki tangu 1828 na urithi ulikuwepo. Ndiyo maana aliweza kuacha mshahara bila kuomba mtu. Chuo cha sanaa hakusoma hata siku moja. Alijifundisha kwa kunakili picha za mabwana wa Uholanzi wa karne ya 17.

Na kuuza aliuza. Karibu picha 400 aliziuza akiwa hai, na kazi zake zote kwa jumla, pamoja na vielelezo vya karatasi, zinapita 1,500. Amefariki Munich 23 Septemba 1885 akiwa na miaka 77, akiwa mwanachama wa heshima wa Akademia ya Sanaa ya hapohapo tangu 1875. Amezikwa makaburi ya zamani ya kusini. Hakuoa, hilo ni kweli. Njaa hakuifahamu.

#11 SautiYaNyikani
Sawa mzee wa dawa, lakini tajiri akimchora maskini si ndiyo mbaya zaidi?

#12 MfamasiaMstaafu
Inategemea anamchoraje. Na kitu kimoja zaidi: yeye mwenyewe alipanga ghorofa ya juu kabisa katikati ya Munich, akawa anaona mapaa tu. Lile dirisha la mshairi hakulitoa hewani.

#13 Fundi_Brashi
Mie nachora mabango na picha za ukutani, nimefurahi kukuta uzi kama huu. Waliomsoma Spitzweg wanasema ule ufamasia haukupotea. Kusaga, kupima, kuchanganya vitu kwa kiasi ndiyo kazi ya mfamasia wa zamani, na ndiyo kazi ya mchoraji kabla rangi za tyubu hazijaenea. Tazameni bluu zake zinavyokaa.

Pia alipenda vidogo. Ile ya 1839 iliyoko Munich ni sentimita 36.2 kwa 44.6 tu, unaweza kuibeba kwapani (nasikia kuna waliofanya hivyo, wajuvi waje). Nyingine nyingi kachora kwenye vibao vya maboksi ya sigara. Mbao zilezile kavu, laini, bei ya bure. Nimejaribu kwenye kibao cha boksi la chai, rangi ikajikunja na kuvunjika. Nadhani sikuandaa msingi vizuri.

#14 Dogo_wa_Uyole
Tuambie hayo ya kwapani.

#15 Mpiga_Boksi_Munich
Nipo huku Bavaria, mwaka wa kumi na kitu sasa. Kwanza onyo kwa wanaopanga safari: jumba la sanaa lenye picha hii, Neue Pinakothek, limefungwa kwa ukarabati tangu mwisho wa 2018. Baadhi ya picha zimehamishiwa Alte Pinakothek ng'ambo ya barabara na nyingine Sammlung Schack. Wageni wengi wanafika mlangoni wanakuta uzio.

Sasa habari ya wizi. Spitzweg aliichora hii picha zaidi ya mara moja. Moja ilikuwa Berlin Magharibi. Desemba 1976 msanii mmoja, Ulay, ambaye wengi mnamjua kwa sababu ya msanii mwenzake Marina Abramović, aliingia jumba la sanaa la Neue Nationalgalerie mchana kweupe, akaing'oa ukutani, akakimbia nayo kwenye theluji hadi kwenye gari lake. Akaenda nayo mtaa wa Kreuzberg, akaitundika kwenye nyumba ya familia ya Kituruki iliyohamia Ujerumani kutafuta kazi, kisha akapiga simu mwenyewe kumwita mkurugenzi wa makumbusho aje aione ilipo. Alisema ni sanaa. Mahakama ikasema ni wizi.

#16 Kichwa_Ngumu
Kwa nini nyumba ya Waturuki?

#17 Mpiga_Boksi_Munich
Alichagua picha ambayo Mjerumani wa kawaida anaipenda kupita karibu zote, akaipeleka kwa watu ambao Mjerumani wa kawaida wakati ule hakuwa anaingia nyumbani kwao. Ukitaka picha yako, pita kwanza sebuleni kwa mhamiaji. Mimi nimeishi nyumba za namna ile. Nilipoisoma hiyo habari nilicheka peke yangu jikoni.

#18 Bibi_wa_Chumbageni
Na familia yenyewe iliulizwa?

#19 Mpiga_Boksi_Munich
Swali zuri bibi. Habari nyingi zinamhusu Ulay, mwenye nyumba hatajwi sana.

#20 Bibi_wa_Chumbageni
Ndivyo ilivyo siku zote.

#21 Fundi_Brashi
Hiyo ilirudi. Lakini ikaibwa tena, picha ileile, 3 Septemba 1989, safari hii kutoka kasri la Charlottenburg, hukohuko Berlin. Wanaume wawili, mmoja kakaa kwenye kiti cha magurudumu kama mgonjwa. Wakaondoka na Mshairi pamoja na nyingine ya Spitzweg, Barua ya Mapenzi. Mpaka leo hazijaonekana.

#22 Dogo_wa_Uyole
Kwa hiyo tunayoiona mtandaoni ni ipi?

#23 Fundi_Brashi
Mara nyingi ya Munich. Zinafanana sana.

#24 DaktariMifugo_Iringa
Nirudi kwenye kiroboto maana ni eneo langu. Nje kuna theluji. Jiko halina moto, na ushahidi ni kofia ndefu iliyotundikwa kwenye bomba la moshi; bomba lingekuwa la moto kofia ingeungua. Baridi ya namna hiyo viroboto hupooza na mayai hayaanguliwi. Nikiletwa kortini nitasema: uwezekano mdogo.

#25 Kichwa_Ngumu
Daktari, kiroboto haishi kwenye bomba. Yupo ndani ya blanketi na mzee kajifunika. Humo ni Dar es Salaam mwezi wa pili.

#26 DaktariMifugo_Iringa
Hoja yako naipokea kwa asilimia fulani.

#27 Mwana_Historia
Wote mmeruka kitu kikubwa. Angalieni mbele ya mlango wa jiko. Kuna mafungu ya karatasi, moja limeandikwa kwa Kilatini kwamba ni fungu la tatu la kazi zake. La kwanza na la pili yako wapi? Na ndani ya jiko zinachungulia karatasi. Mzee anaota moto kwa mashairi yake mwenyewe.

Sasa soma na wakati ule. Baada ya vita vya Napoleon kwisha 1815 na hasa baada ya Amri za Karlsbad za 1819, nchi za Kijerumani zilikuwa na udhibiti mkali wa magazeti na vitabu. Mtu mwenye kalamu alijifungia ndani akaandika mambo yasiyomgusa mkubwa. Picha inasema hivi: mshairi amelazwa. Hawezi kutoka kitandani. Kazi yake inafaa kuwashia moto tu. Hiyo ni siasa imefunikwa blanketi.

#28 MfamasiaMstaafu
Naheshimu, ila nina wasiwasi na kila picha ya zamani kugeuzwa ya siasa. Dhihaka alikuwa nayo, hilo halina ubishi. Alichora vichekesho kwenye Fliegende Blätter, gazeti la utani la Munich lililoanza miaka ya 1840. Alichora askari wa zamu kwenye boma anafuma soksi pembeni ya mzinga. Alichora mwingine anapiga miayo. Lakini hao askari ukiwatazama huwezi kuwachukia. Wamezeeka, hakuna vita, waache wafume.

#29 Mwana_Historia
Mkuu #28, askari anayefuma soksi mbele ya mzinga si siasa? Basi siasa ni nini?

#30 SautiYaNyikani
😂 Mzee wa dawa kapigwa kwa chupa yake.

#31 MfamasiaMstaafu
Sijapigwa. Nimesema dhihaka ipo. Sikubali tu kwamba kila blanketi lina bendera chini yake. Na jambo la kuangalia: ilipooneshwa 1839 kwenye chama cha sanaa cha Munich haikupokewa vizuri. Walioiona walihisi anaidhihaki sanaa yenyewe, maana mshairi zama hizo alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Leo hao hao Wajerumani, wajukuu zao, wanaiweka kwenye kalenda na vikombe vya kahawa. Picha haijabadilika hata nukta.

#32 Mtu_wa_Kale
Kuna maelezo mengine mawili hamjayataja. Wapo wanaosema anamhusu mtu halisi, Mathias Etenhueber, mshairi wa Munich wa karne ya 18 aliyeishi kwa dhiki na kufa 1782. Na wapo wanaosema mbegu ilitoka Uingereza, kwa William Hogarth, ambaye karibu na 1736 alichora mshairi aliyebanwa na madeni darini, mama muuza maziwa kasimama mlangoni anadai chake. Tofauti ni kwamba wa Hogarth ana mke na mtoto mle ndani. Wa Spitzweg yuko peke yake kabisa. Hakuna anayemdai wala anayemsubiri.

#33 Bibi_wa_Chumbageni
Hapo #32 ndipo picha iliponishika mimi. Nyie mnatazama vidole, mimi natafuta sufuria. Chumba kizima hakuna chombo cha kupikia. Taulo lipo kwenye kamba, mshumaa upo kwenye chupa. Chakula je?

Marehemu mume wangu alikuwa akitunga. Mashairi yake yalikwenda gazeti moja miaka mingi, yalichapwa, tulikata tukabandika kwenye daftari. Malipo ilikuwa jina kuonekana. Akipata ubeti usiku ananiamsha nisikilize, nami nina mitihani ya kusahihisha. Nilimwambia siku moja, mshairi anahitaji watu wawili, wa kutunga na wa kununua mafuta ya taa.

Huyu mzee wa Spitzweg hana wa pili. Kwa hiyo kama kakamata kiroboto, aheri. Angalau kuna kiumbe aliyekuwa naye.

#34 MtunziWaKisauni
Bibi 🙏

#35 Kichwa_Ngumu
Nimehesabu hiyo kuwa kura ya kiroboto.

#36 MsomajiWaUsiku
Asanteni nyote, uzi umekuwa mtamu kuliko nilivyotegemea. Shemeji ameusoma, anadai ameshinda. Nimemwambia asome #25.

Swali la pembeni: ni kweli Hitler alimpenda huyu mchoraji?

#37 Mwana_Historia
Kweli. Yeye na mchoraji mwingine, Eduard von Grützner, walikuwa miongoni mwa aliowapenda. Kosa si la Spitzweg, alikuwa kaburini zaidi ya nusu karne kabla ya vita. Lakini pendo hilo liligeuka balaa kwa waliokuwa na picha zake. Henri Hinrichsen, Myahudi, mchapishaji wa muziki wa Leipzig, alikuwa na mchoro wake wa watu kwenye piano. Akalazimika kuuachia, ukaishia kwa Hildebrand Gurlitt, mfanyabiashara wa sanaa aliyefanya kazi na Wanazi. Hinrichsen aliuawa Auschwitz mwaka 1942. Mchoro ukaja kupatikana Munich mwaka 2012 kwa mtoto wa Gurlitt, na ukarudishwa kwa warithi 2021.

#38 Dogo_wa_Uyole
Kumbe wanarudisha! Basi na yule dinosaria wetu wa Tendaguru aliyesimama Berlin?

#39 Mtoto_wa_Lindi
NILIKUWA NASUBIRI MTU ASEME. Mifupa imechimbwa kwetu 1909 mpaka 1913, ikabebwa vichwani na watu wetu hadi pwani. Zaidi ya mita 13 kwenda juu, watalii wanapiga naye picha. Sisi tumebaki na kilima.

#40 Mwana_Historia
Hilo ni tofauti kisheria. Kesi za Wanazi zina kanuni zilizokubaliwa Washington 1998 na mwenye haki anajulikana kwa jina. Ya kikoloni bado inajadiliwa.

#41 Mtoto_wa_Lindi
Waliobeba nao walikuwa na majina.

#42 Mpiga_Boksi_Munich
Wakuu, hiyo ifunguliwe uzi wake, nitachangia. Tumwache Spitzweg apumue.

#43 Fundi_Brashi
Kwa wanaotaka kununua: muwe macho. Huyu ni mmoja wa wanaoghushiwa sana Ujerumani. Kulikuwa na kesi Stuttgart ya picha 54 za bandia. Aliyezichora alikuwa mnakili wa Traunstein, alitumia kadi za posta, na yeye aliandika wazi kwamba ni "kwa kumfuata Spitzweg" akatia jina lake. Wajanja wakafuta hayo maandishi, wakazizeesha, wakauza kama zake halisi. Saini ya Spitzweg mwenyewe ni S ndani ya kiumbo cha almasi, kwa hiyo hata mtoto anaweza kuiiga.

#44 SautiYaNyikani
Fundi, nani humu ananunua Spitzweg? Mimi nadaiwa kodi.

#45 Fundi_Brashi
Nasema tu. Utajiri huja usiku.

#46 Mtu_wa_Kale
Kabla hatujasambaa, kuna picha yake ya karibu 1848 naiona inazungumzwa kidogo mno: kibwengo amesimama mlangoni mwa pango lake, bondeni treni inapita na moshi wake. Reli ya kwanza ya Wajerumani ilikuwa ya 1835, Nuremberg hadi Fürth, ilikuwa bado mpya. Spitzweg mwenyewe hakuogopa safari. 1851 alikwenda Paris na kwenye Maonesho Makubwa ya London na rafiki yake Eduard Schleich, na baada ya hapo brashi yake ikalegea, mwanga ukaingia. Masoko na mikahawa ya Kituruki aliyochora baadaye yanahusishwa na aliyoyaona kwenye maonesho hayo.

Kwa hiyo wale wanaomuona mzee wa darini tu wanamkosea. Kwangu yule kibwengo ni mkubwa kuliko mshairi.

#47 MtunziWaKisauni
Nimekwenda kuitafuta. Kibwengo mwenyewe anashangaa au anasikitika?

#48 Mtu_wa_Kale
Katupa mgongo. Ndiyo raha yake.

#49 Kichwa_Ngumu
Huyo naye angalieni vidole.

#50 Dogo_wa_Uyole
Mpiga Boksi, kaka yangu yupo Frankfurt, anataka kuona nyingi kwa mpigo. Aende wapi kama Munich pamefungwa?

#51 Mpiga_Boksi_Munich
Asije Munich kwa hilo. Mkusanyiko mkubwa kuliko wote wa Spitzweg upo Schweinfurt, jumba la Georg Schäfer, lilifunguliwa 2000. Huko ndiko aliko yule mzee wa vitabu juu ya ngazi, kitabu kimoja mkononi, kingine kwapani, kingine katikati ya magoti. Kutoka Frankfurt apande treni ya Würzburg abadilishe pale. Jumatatu asiende, makumbusho mengi huku hufungwa.

#52 Dogo_wa_Uyole
Nimemtumia. Anauliza kama pana nyama choma Schweinfurt.